Mtoto Hajamaliza Kula

Kiazi cha kwanza kilipasuka. Tulisikia kishindo kama cha tairi la baiskeli, kisha kimya, kisha mvuke ukaanza kupenya pembezoni mwa mlango wa oveni. Papa akafungua, akarudi nyuma kwa joto, na sote watatu tukachungulia. Kuta za ndani zilikuwa zimetapakaa vipande vyeupe hadi juu kwenye taa, na pale kati, juu ya waya, lilibaki ganda tupu lililopinduka kama soksi iliyovuliwa kwa haraka.

Keren akacheka. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, na hatukuwa tumemsikia akicheka tangu tulipomzika Mama, mwezi wa pili, ardhi ikiwa ngumu kwa baridi. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Papa hakucheka. Alisimama na kitambaa mkononi akimsikiliza, kama mtu aliyenasa kituo cha redio cha mbali na anaogopa kusogea kisipotee.

Muda si mrefu mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chini, Madame Chloé, mama mzee wa Kibelgiji aliyevaa ndara, akiuliza kama tumelipukiwa na gesi. Papa akamwonyesha oveni. Yule mama akatazama, akatikisa kichwa, akaomba uma. Akachukua kiazi kibichi kilichokuwa juu ya meza akakichoma hapa na pale, akamweleza Papa kwa Kifaransa kwamba kiazi nacho kinahitaji pa kupumulia. Kisha akateremka zake.

"Umesikia, Anaïs?" Papa akaniambia. "Kumbe ilikuwa hiyo tu. Leta vingine."

Ilikuwa mwezi wa saba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tunakaa ghorofa ya nne katika majengo ya manispaa kule Anderlecht, Brussels, na sikujua bado kwamba baba yangu alikuwa anajizoeza kukataa.

Aliyetakiwa kukataliwa alikuwa Shangazi Antoinette, dada yake Papa. Katika ukoo wetu neno lake lilikuwa la mwisho, na alikuwa amelilipia. Wazazi wao waliuawa Masisi, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita, yeye akiwa msichana wa miaka kumi na sita na Papa akiwa na minane. Ni yeye aliyembeba, akamlisha, akamsomesha. Ni yeye aliyetangulia kufika Ubelgiji, akaolewa na Tharcisse, mtu mpole wa Likasi ambaye sisi tulimwita Tonton, yaani mjomba, na hakutulia mpaka mdogo wake naye akateremka kwenye uwanja wa ndege. Papa hakumwita kwa jina. Alimwita yaya, kama tunavyowaita ndugu wakubwa kwetu, na kila alipotamka hivyo sauti yake iliteremka kidogo, mithili ya mtu anayevua kofia.

Shangazi alikuwa na nyumba mtaa wa Uccle, yenye bustani na mti wa matofaa na vyumba ambavyo hakuna aliyelala. Mungu hakuwapa watoto. Hilo halikusemwa, lakini lilikuwa likikaa nasi mezani kila Jumapili.

Mama alipofariki, Shangazi alikuja na masufuria. Sombe ya majani ya muhogo, samaki, nyama ya mbuzi, bugali uliofungwa kwa plastiki kisha kwa taulo ili ufike wa moto. Mwanzoni ilikuwa huruma tupu, na namshukuru hadi leo, maana siku zile Papa hakuweza hata kuchemsha maji ya chai bila kusahau kwamba yako motoni. Lakini masufuria yana namna yake ya kuhamia kwa watu. Kwanza yalijaza friji. Kisha ufunguo wa nyumba yetu ukawa mkononi mwa Shangazi. Kisha Keren akaanza kulala Uccle Jumamosi, kisha Ijumaa na Jumamosi, na mara moja akarudi amevaa viatu nisivyovijua, akaniambia kwamba kule ana kitanda chenye pazia.

Katikati ya juma tulikuwa wetu wenyewe. Papa aliendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye bohari moja si mbali na nyumbani. Alirudi na harufu ya katoni, akatazama masufuria yaliyobaki matupu, akatushika mikono, tukateremka hadi kwenye kibanda cha frites, viazi vya kukaanga, karibu na kituo cha metro. Tulikula tumesimama, vidole vikiwa na mafuta na mayonezi, na sitasema uongo, zilikuwa tamu. Wiki ikaisha, na wiki nyingine, na ile ikawa ndiyo desturi yetu.

Jumapili moja Shangazi aliingia jikoni kutupa maganda ya vitunguu, akakuta pipa limejaa karatasi za frites.

"Bienaimé, hii ni nini?"

"Ni frites, yaya."

"Naona ni frites. Nauliza: batoto banakula hii siku ngapi?"

Tonton Tharcisse alikuwa akisoma kalenda ya ukutani kana kwamba ni gazeti.

"Viazi," Shangazi akasema, na neno lile lilimtoka kama kijiwe alichokipata kwenye wali. "Batoto ya marehemu Élodie banalishwa viazi. Bon. Alors, tusikilizane. Mwezi wa tisa Keren ataanza shule kule kwetu. Nimeisha kuongea na directrice, mukubwa wa shule. Anaïs iko mukubwa, atakusaidia hapa. Mutoto mudogo anahitaji nyumba yenye muntu wa kupika."

Papa alikuwa ameshika sahani. Niliona kidole gumba chake kimekuwa cheupe.

"Nimesikia, yaya," akasema.

Kusikia na kukubali ni vitu viwili, lakini Shangazi hakuwa amezoea kuvitofautisha. Alimbusu Keren kichwani, akavaa koti, akaondoka ameridhika.

Mtu wa nje angeuliza: si aseme hapana tu? Sheria ilikuwa upande wake; hakuna ofisi katika Brussels nzima ambayo ingemnyang'anya baba mtoto kwa sababu ya frites. Lakini Papa hakuogopa ofisi. Alikuwa anatakiwa kumwambia hapana mtu ambaye bila yeye asingekuwa hai, na kinywa chake hakikuwa na umbo la neno hilo. Jioni nzima alikaa dirishani akitazama treni zikipita kule ng'ambo. Nilimpelekea chai ikapoa.

Siku chache baadaye alirudi na mfuko begani, akaumwaga mezani. Viazi vikubwa, kila kimoja kikijaa mkono wa mtu mzima, vingine bado vina udongo.

"Amesema ni viazi," Papa akasema. "Basi itakuwa viazi."

Ndipo alipotusimulia, kwa mara ya kwanza, habari za Masisi kabla ya vita. Nilikuwa nimekulia kwenye ukimya kuhusu mahali pale, kama vile palikuwa na ugonjwa. Kumbe palikuwa na milima mibichi, na ng'ombe, na ukungu wa asubuhi, na babu yetu akifukia viazi kwenye majivu pembeni mwa zizi huku mtoto Bienaimé akichuchumaa akingoja. Walivipasua kwa mikono, wakatia chumvi, na ndani yake wakabandika kipande cha jibini la pale pale Masisi, la duara, la njano, ambalo mapadre waliwafundisha watu kulitengeneza zamani. Alisema lilikuwa linayeyuka mpaka kwenye viwiko.

"Hakuna muntu alisema ile ni umaskini," Papa akasema. "Ile ilikuwa chakula. Tulikuwa tunashiba, tunalala."

Basi tukajifunza kwa kukosea. Baada ya kile kilichopasuka tulivifunga vingine kwenye karatasi ya foili, ganda likatoka limelowa na kulegea kama kidole kilichokaa majini. Tukachanganya vikubwa na vidogo, vidogo vikawa mkaa kabla vikubwa havijaamka. Papa hakukasirika hata mara moja. Alikuwa na uso ule ule wa kazini anapoingiza mzigo mrefu kwenye mlango mfupi. Mwishowe njia ikapatikana: kukiosha kiazi na kukikausha kweli kweli, kukichoma kwa uma pande zote, kukipaka mafuta na chumvi ya mawe, kisha kukiacha peke yake juu ya waya, kwa subira, mpaka ganda likunjamane na kuwa kavu kama karatasi ya zamani, na ukikibonyeza kikubali. Hapo unachanja msalaba juu yake na kukisukuma kutoka pembeni kwa vidole viwili. Kinafunguka chenyewe. Mvuke unatoka, na ndani ni unga mtupu, mweupe. Unatia siagi, unaponda humo humo kwa uma bila kulijeruhi ganda.

Lakini hicho kilikuwa bado chombo tu. Papa hakutaka kiazi kisindikize kitu kingine. Alitaka mlo mzima ukae ndani yake, mtu akimaliza asiinuke kutafuta cha kuongezea. Alipika maharagwe taratibu na nyanya na vitunguu mpaka mchuzi ukawa mzito. Akaenda hadi Galerie d'Ixelles, kwenye maduka ya Waafrika, kutafuta lengalenga, mchicha wa kwetu, na akina mama wa saluni, mikono ikiwa kwenye nywele za wateja, wakachungulia kupitia milangoni wakimcheka mwanamume anayechagua mboga jani moja moja. Akawachekea, akaendelea kuchagua. Huko huko akapata sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akawakaanga wakavu wakawa wanalia kwenye meno. Kila kitu kikaingia kwa zamu yake: maharagwe chini, mboga juu yake, sambaza, halafu jibini lililokwaruzwa mpaka likafunika kilima chote. Kisha kurudi ndani ya oveni, hadi jibini litokote na kupata madoa ya kahawia.

Jioni tulipofanikiwa, nilikula mpaka ganda. Keren alilamba uma pande zote mbili. Papa alitutazama, akavuta simu.

"Yaya? Kuya Jumamosi, weye na Tonton. Mwambie Papa Jean-Baptiste pia. Hapana, usilete kitu. Nitapika miye."

Kicheko cha Shangazi kilisikika hadi nilipokuwa nimeketi. Lakini kilikuwa kicheko cha furaha, na nilijua sababu yake. Papa Jean-Baptiste alikuwa mkubwa kuliko watu wote wa kwetu hapa mjini. Mambo ya ndoa, misiba na watoto yalisemwa mbele yake. Shangazi aliamini kwamba mdogo wake anaandaa karamu ya kumkabidhi Keren, kwa heshima, mbele ya mzee, kama inavyopaswa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya shule. Jua la saa kumi na mbili lilikuwa bado kali kwenye madirisha, na chini uwanjani watoto walikuwa wakipiga mpira ukutani. Shangazi aliingia amevaa kitenge cha sikukuu, kilemba cha namna ile ile, na mkononi mfuko wa nguo ulio mtupu. Nyuma yake alikuja Tonton Tharcisse amebeba sufuria kwenye taulo. Papa Jean-Baptiste alipanda ngazi pole pole kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, akafika akihema, akasalimia kila mmoja wetu kwa jina.

"Nimeleta bugali," Shangazi akasema, akaiweka sufuria katikati ya meza. "Ikiwa utaunguza, tusilale njaa."

Papa akaichukua ile sufuria kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga. Akaenda nayo hadi kwenye korido, akaiweka chini karibu na viatu, akarudi.

"Leo hapana, yaya."

Lilikuwa limetoka. Neno dogo, sauti ya kawaida. Shangazi alifungua mdomo, akakumbuka kuna mgeni, akaufunga.

Tukakaa. Papa Jean-Baptiste akaombea chakula. Kisha Papa akaleta sahani moja moja kutoka jikoni, akianza na mzee, na juu ya kila sahani kiazi kimoja, kikubwa, kimefunguka, jibini likiwa bado linachemka pembeni na mikia ya sambaza ikichungulia. Harufu ilijaa chumba. Aliweka ya Shangazi mbele yake, akaigeuza ile sahani kidogo ili upande mzuri umwelekee.

Shangazi alikitazama. Akaangalia mlango wa jikoni.

"Na chakula?"

"Ndiyo hicho."

"Kiazi."

"Kiazi, maharagi, lengalenga, sambaza, fromage. Hiyo ni chakula muzima, yaya. Hakuna kingine kinafuata."

Kisha nikasikia uma: Tonton Tharcisse alikuwa ameanza. Alikula bila kumtazama mkewe, kwa bidii. Papa Jean-Baptiste naye akavua miwani iliyojaa mvuke, akaiweka kando, akachota.

Shangazi hakula. Mikono yake ilikuwa mapajani, na alipoanza kusema hakusema kwa hasira niliyoitegemea. Alisema chini chini, akiitazama sahani.

"Weye ulikuwa mudogo. Labda umesahau Sake, pale tulikimbilia. Tunalala chini ya plastiki, mvua ya siku zote. Miye nachimba viazi katika shamba ya bantu, na mikono, kama panya. Viazi vya kuiba. Hakuna kuni, tunavila haviive. Ulikuwa unalia tumbo, Bienaimé. Nikaambia Mungu: siku nitakuwa na nyumba, hakuna mutoto wa kwetu atalala na kiazi. Hakuna. Na leo unaniita mbele ya bantu, unanipa kiazi."

Sijawahi kusikia hadithi ile kabla wala baada. Kilemba chake kilikuwa kinatetemeka kidogo, na hapo nikaelewa kwamba Shangazi yangu, mwenye nyumba Uccle na mti wa matofaa, alikuwa bado anakimbia. Nilitaka Papa aombe radhi. Kweli nilitaka. Nilitaka aondoe ile sahani, alete ile sufuria, tumalize.

Papa akaweka uma chini.

"Sijasahau," akasema. "Nakumbuka tumbo. Nakumbuka pia Tonton Mwenze alikuya pale, na viatu vyake vya kung'aa. Alikuwa na nyumba ya mabati Goma, alikuwa na bibi wa kupika, alikuwa na ng'ombe. Alisema: 'Antoinette, weye uko mutoto, hauna kitu. Nipe huyu kijana nimulee.' Bantu bote ya pale walisema ana haki. Ulimujibu nini?"

Nje mpira ulipiga ukuta, ukarudi, ukapiga tena.

"Ulimujibu nini, yaya?"

"Nilimwambia aende," Shangazi akasema.

"Ulimwambia: huyu atakula kile miye nakula. Nilikuwa nyuma yako, nimeshika kitenge chako. Nilisikia. Kila kitu niko nacho kimesimama juu ya ile neno. Sasa ni miye nalisema."

"Ile ilikuwa vita, Bienaimé! Hatukuwa na namna."

"Namna ilikuwako. Ilikuwa na nyumba ya mabati. Ukaikataa."

Shangazi akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu, na uso wake ukawa ule niliouzoea, uso wa mtu anayepanga safari za wengine.

"Keren. Chukua mufuko ule. Tunaenda."

Keren alikuwa na jibini kidevuni na uma hewani. Alimtazama Shangazi, ambaye alimpenda, na mimi ni shahidi wa mapenzi hayo. Kisha akamtazama Papa.

"Mutoto hajamaliza kula," Papa akasema.

Hakupaza sauti wala hakuinuka. Alikuwa amekaa wima kabisa, viganja viwili juu ya meza, kila kimoja upande mmoja wa sahani yake, na nilimwona kwa mara ya kwanza si kama mjane ambaye watu wanamwonea huruma.

"Akimaliza ataoga," akaongeza. "Kisha atalala kwake. Kesho pia. Na mwezi wa tisa ataenda shule ile ya hapa chini, pamoja na dada yake."

"Papa Jean-Baptiste," Shangazi akamgeukia mzee, na sasa sauti ilikuwa imepasuka. "Weye ndiye mukubwa wetu. Sema neno."

Mzee akafuta mdomo kwa utaratibu. Nilidhani atatoa hotuba. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alijulikana kwa urefu wa hotuba zake. Akatazama kiazi chake, akamtazama Papa, akamtazama Shangazi kwa macho ya upole sana.

"Antoinette, binti yangu, miye nimealikwa kula," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Kuna pilipili?"

Nikaenda kuleta pilipili. Niliporudi Shangazi alikuwa mlangoni, mfuko mtupu chini ya kwapa.

"Tharcisse!"

"Nakuya," Tonton akajibu, akachota tena. "Kwetu Likasi muntu hatoki sahani ikiwa na kitu."

Mlango ukafungwa. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi, ghorofa baada ya ghorofa, kila hatua peke yake. Keren akakumbuka uma wake, akala. Tonton Tharcisse akamaliza mpaka ganda, akalikunja na kulitia mdomoni, akanywa maji. Alipoinuka, Papa alimfuata kwenye korido, akamkabidhi sufuria ya bugali kwa mikono miwili, vile vile alivyoipokea. Tonton akasimama nayo kifuani, akatafuta la kusema, na kwa mtu asiyesema mengi nadhani alipata la kutosha.

"Chumvi ilikuwa sawa," akasema.

Tulilipa. Ningependa kusema kwamba Shangazi alirudi wiki iliyofuata akacheka, lakini haikuwa hivyo. Alikaa zaidi ya mwaka bila kukanyaga kwetu. Parokiani watu walisema kwamba Bienaimé ameutemea mate mkono uliomlea. Akina mama wa kwaya, rafiki za marehemu Mama, walipunguza salamu. Hakuna sufuria iliyopanda tena zile ngazi. Baridi ya mwaka ule ilikuwa yetu peke yetu. Keren alilia kwa ajili ya kitanda chenye pazia, na usiku mwingine alimwita Shangazi badala ya kumwita Mama, na Papa akamsikia. Aliunguza vitu vingi. Alijifunza kusuka nywele kwa kutazama vidole vyangu, akasuka vibaya, Keren akaenda shule hivyo hivyo. Kila siku saa ya chakula taa ya jikoni kwetu ilikuwa inawaka.

Na kila Jumapili baada ya misa alikatiza kanisa zima, mbele ya macho yote yale, akaenda kusimama mbele ya dada yake na kuinamisha kichwa. "Jambo, yaya." Naye akajibu akitazama pembeni. Papa hakuruka Jumapili hata moja, na hakuomba msamaha hata mara moja. Mtu anaweza kushika vitu hivyo viwili kwa wakati mmoja. Mimi nimemwona akivishika. Keren alipopata komunyo ya kwanza, Shangazi alikuja, akakaa kwenye kochi letu, akala wali na kuku, akaomba chai. Aliuliza kama lifti bado ni mbovu. Walianzia hapo.

Leo nina miaka ishirini na moja, na watu wakiniuliza baba yangu ni mtu wa namna gani, naikumbuka jioni ile baada ya wageni kuondoka.

Papa Jean-Baptiste alikuwa wa mwisho kwenda. Sahani ya Shangazi ilibaki mezani haijaguswa, jibini limeganda. Papa alienda dirishani, nami nikamfuata. Gari la Shangazi lilikuwa bado chini, limeegeshwa kando ya uwanja, na jua lilikuwa linapiga kioo chake lakini kilemba tulikiona. Tonton Tharcisse alikuwa ameshaingia, sufuria mapajani. Gari halikuondoka. Watoto walikusanya mpira wao wakaenda, na gari bado lilikuwa pale.

Nilidhani Papa atajificha nyuma ya pazia, kama mimi. Alilisukuma pazia kando. Akasimama katikati ya dirisha, mikono chini, mahali ambapo mtu yeyote aliye chini angemwona mzima mzima. Shangazi aliinua uso. Walitazamana hivyo, hakuna aliyepunga mkono, hakuna aliyegeuka, na sijui waliambiana nini kwa macho, kwa maana yalikuwa mambo ya kwao wawili, ya zamani kuliko mimi.

Kisha injini ikawaka, gari likatoka taratibu, likakata kona.

Papa alibaki kidogo. Akafuta uso kwa kitambaa cha jikoni kilichokuwa begani mwake, akageuka.

"Haya," akasema. "Nani anaosha, nani anakausha?"